Watoto Hawahesabiwi

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Watoto saba walikuwa wameketi kwenye benchi, migongo ukutani, na Mwalimu Aoko, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameshawahoji watoto themanini, akamwuliza Eve: "Hawa watoto ni wangapi?"

Eve alikuwa na miaka sita na miezi minne, na saba aliijua vizuri sana. Kule naseri kwa Mwalimu Kathini, katika ukumbi wa kanisa nyuma ya soko la Umoja, yeye ndiye aliyekuwa akiitwa mbele kuwaonyesha wenzake: jiwe kwa jiwe, kijiti kwa kijiti, vifuniko vya soda vyekundu huku, vya rangi ya chungwa kule. Dakika mbili tu zilizopita alikuwa amelinganisha picha zote za mezani, kikombe na sahani yake, kufuli na ufunguo wake. Akahesabu vifuniko hadi ishirini bila kuruka hata kimoja, na Mwalimu Aoko akaweka alama na kutabasamu. Lilibaki swali hilo moja la mwisho. Kama ulidhani mtoto huanguka intavyu kwa sababu ya ujinga, basi kaa nikueleze.

Eve aliwatazama tu wale watoto. Mwalimu akarudia swali polepole, kisha akalirudia kwa Kiingereza. Ndipo Eve akafanya jambo ambalo nyumbani kwao lingesifiwa. Alichota vifuniko mezani, akapita benchini akimwekea kila mtoto kifuniko kimoja pajani. Hakumruka mtu, wala hakumpa mtu viwili. Wakaanza kumcheka. Mmoja akasema anatupea soda bila soda. Mwingine akakitupa chake chini ya benchi, na Eve akapiga magoti, akakitafuta vumbini, akakirudisha pale pale pajani. Alipomaliza, alivikusanya vyote, akavipanga mezani, akavigusa kimoja kimoja kwa kidole.

"Vifuniko ni saba," akasema.

"Sikukuuliza vifuniko. Nimekuuliza watoto."

"Vifuniko ni saba, mwalimu."

Mwalimu Aoko aliangalia saa. Nafasi za darasa la kwanza zilikuwa hamsini, na foleni iliyokuwa nje ilikuwa imezunguka ukuta hadi kwenye vyoo. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa amechoka, na miguu ilimvimba. Akaandika kwenye fomu kwamba mtoto hafuati maagizo na hawezi kuhesabu watu, akamwita mwingine.

Orodha ilibandikwa Jumatatu. Njoki, mamake Eve, aliisoma mara tatu akiwa na Owen mgongoni, mtoto wa miezi minane, ambaye siku hiyo pua zilikuwa zikimtiririka. Aliisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, kisha akaisoma kwa kidole kama mtu asiyejua kusoma. Mbithe, jirani yao ambaye mumewe ni karani, alilikuta jina la mwanawe Muoki namba kumi na moja. Akampa Njoki pole. Akasema labda ni makosa ya taipureta, na Njoki akashukuru kwa uwongo ule.

Ajabu ni kwamba Njoki ndiye aliyekuwa akizifuma sweta za shule ile. Alikuwa na mashine ya kufuma pale sokoni, na nusu ya watoto waliokuwa wakiruka kamba katika uwanja ule walikuwa wamevaa kijani kibichi kilichopita mikononi mwake. Sweta ya Eve ilikuwa tayari tangu Oktoba. Aliifuma kubwa kidogo ili imfikishe darasa la tatu, kwa kuwa mtu hafumi sweta ya mwaka mmoja akiwa na akili timamu.

Jioni alimketisha Eve kitandani, akamwuliza kilichotokea. Mtoto alieleza yote bila kuficha, vifuniko, benchi, kicheko na yote, akamalizia kwa kusema kwamba Shosho, nyanya yake, alimwambia watu hawahesabiwi.

Njoki alicheka kwanza. Halafu hakucheka tena.

Shosho Waruguru alikuwa mamake Muturi, babake Eve na bwana wa nyumba ile. Aliletwa kutoka Kangema mwezi wa tatu kumlea Owen ili Njoki arudi kwenye mashine yake. Eve alipewa jina lake liwe la pili, kama ilivyo desturi kwa binti wa kwanza, na kwa hivyo wawili hao waliitana wajina, wakalala kitanda kimoja nyuma ya pazia na kugawana siri. Na kwa Waruguru, kuhesabu watu ni mugiro, mwiko wa tangu zamani. Ukimhesabu mtu umemwonyesha, na kinachoonyeshwa huchukuliwa. Hata koo za watu wake mwenyewe, ambazo kila mtu anajua idadi yake, huitwa tisa zilizojaa, ili ile kumi isitajwe.

Basi kule Kangema alijuaje kama wajukuu wote wamerudi nyumbani? Aligawa. Alitoa sufuria ya viazi vitamu vilivyotosha watu wake, akampa kila mmoja kiazi. Kiazi kikibaki mkononi, kuna mtu hayupo, na akaitwe kabla giza halijaingia. Alikuwa amemfundisha Eve hivyo hivyo kwa vikombe vya chai vya watoto wa ploti, ile mitaa ya vyumba vya kupanga walimoishi. Na ukitazama vizuri utaona ni ile ile kazi ya Kathini ya jiwe kwa jiwe, ila moja ilifunzwa na serikali na nyingine ilifunzwa na njaa. Mtoto alikuwa ameunganisha masomo mawili kwa akili yake mwenyewe. Kazi nzuri kuliko hiyo hakuna mtu aliyeifanya siku ile katika chumba kile, mwalimu akiwemo.

Lakini akili ya namna hiyo haina mahali pa kutiwa alama kwenye fomu.

Jumanne Muturi hakwenda kazini. Alikuwa kibarua katika kiwanda cha misumari huko Industrial Area, na kibarua asiyeonekana getini asubuhi nafasi yake huchukuliwa na aliye nyuma yake, kwa hivyo siku ile haikuwa ya bure. Alimchukua Mwalimu Kathini, wakaenda shuleni, wakangoja nje ya ofisi kuanzia saa mbili hadi saa sita. Mara mbili karani alimwambia Muturi atoe kofia, ingawa alikuwa ameshaitoa.

Kathini ndiye aliyesema. Alieleza mambo ya vifuniko na ya Shosho, akaapa kwamba katika miaka yake tisa ya naseri hajapata mtoto wa hesabu kama yule. Mwalimu Aoko alimsikiliza hadi mwisho. Akakiri kwamba hata kwao kuna mambo yasiyofanywa, na kama angejua siku ile angeuliza juu ya mbuzi. Lakini fomu ilikuwa imeshaandikwa na mwalimu mkuu ameshaitia sahihi. Kisha akafunua daftari. Mtoto mmoja wa orodha alikuwa amehamia Nakuru.

"Ijumaa saa mbili," akamwambia Muturi. "Ahesabu watu mbele yangu na mbele ya mwalimu mkuu. Akihesabu, nafasi ni yake. Akikataa tena siwezi kumsaidia, na hapa hatarudi. Aliyeanguka mara mbili hatumpokei."

Muturi alishukuru hadi akaona haya. Shule nyingine za kaunsili zilikuwa zimeshafunga orodha zao, na zile za watu binafsi hata fomu yake asingeweza kuinunua. Ilikuwa Ijumaa au hakuna.

Jumatano baada ya chakula Njoki aliiondoa meza katikati ya chumba. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha nyongeza, kimejengwa nyuma ya nyumba ya mwenye ploti, kwa hivyo meza ikiondolewa watu hubaki wakitazamana. Akamwambia Eve awahesabu waliomo.

Waruguru alimwomba kwa upole. Mtoto afundishwe kuhesabu sufuria, akasema, afundishwe kuhesabu mawe ya barabara nzima hadi Donholm, yeye mwenyewe atamwokotea. Lakini huyu mchanga asiguswe. Njoki akamjibu mama mkwe bila kugeuka.

"Maitu, hii ni Nairobi. Hapa asiyehesabu, anahesabiwa na wengine."

Waruguru alimtazama mwanawe. Muturi alikuwa akiitazama chai yake kana kwamba imeandikwa kitu. Mwanamume aliyekaa katikati ya mamake na mkewe huwa kiziwi, na mimi simlaumu sana, ingawa siku ile neno lake moja lingetosha. Mama mzee akachukua leso yake, akatoka nje, akasimama karibu na tangi la maji.

Eve hakutaka. Njoki alibembeleza, akaahidi andazi, akaahidi viatu, kisha akachukua mwiko wa ugali. Hakumpiga sana, mara mbili tu miguuni, lakini alikuwa hajawahi kumpiga kwa jambo ambalo mtoto hakuliona kuwa kosa, na hilo liliuma zaidi. Mwishowe Eve alinyoosha kidole.

"Baba, mmoja. Mama, wawili. Mimi, watatu."

Hapo akashusha kidole. Njoki akamgeuza uso kuelekea kitandani, ambako Owen alikuwa akitafuna ukingo wa blanketi. Akamwuliza, na yule je?

"Wanne," Eve akasema.

Njoki alimkumbatia, akambusu kwenye paji la uso lililolowa jasho, akampa andazi zima. Akamwambia aangalie mwenyewe, wote wamehesabiwa na hakuna aliyekufa. Alikusudia mema. Angejua jinsi maneno yale yangekaa kichwani mwa yule mtoto, angejiuma ulimi.

Alhamisi asubuhi Owen alikuwa na joto. Nimesema pua zilikuwa zikimtiririka tangu Jumatatu, na ploti nzima ilikuwa na mafua wiki ile kwa sababu ya mvua. Mtu mzima anaweza kulijumlisha hilo. Mtoto wa miaka sita hujumlisha alichoambiwa. Njoki alimpaka Owen mafuta ya kifua, akampeleka sokoni mgongoni, akamrudisha anakohoa. Waruguru hakumlaumu mtu. Alimtazama tu Eve, mara moja, kisha akatazama pembeni, na Eve akaelewa.

Ijumaa kulipokucha Owen alikuwa akipumua kwa mbavu. Kila pumzi ilimwingiza ngozi ndani chini ya kifua, na maziwa hakuyataka. Kliniki ya kaunsili ilifunguliwa saa mbili. Ofisi ya mwalimu mkuu, saa mbili. Muturi alikuwa ameshapoteza Jumanne, na fomeni alikuwa amemwambia kwamba akikosa siku ya pili asirudi tena, basi aliondoka saa kumi na mbili akiwa na uso wa mtu anayeenda kuzika. Waruguru alijitolea kumpeleka mjukuu kliniki. Njoki akakataa. Alisema mama mkwe hajui kadi iko wapi wala daktari atauliza nini, lakini ukweli ni kwamba kwa hasira aliyokuwa nayo asingemkabidhi hata kikombe. Akapiga hesabu yake mwenyewe: shule ni robo saa, kliniki iko hapo karibu, mtoto atavumilia robo saa.

Waliingia ofisini saa mbili na dakika ishirini, kwani mwalimu mkuu alichelewa. Owen alikuwa mgongoni, na pumzi zake zilisikika chumba kizima. Mwalimu Aoko aliuliza kama yule mtoto hajambo. Njoki akasema ni mafua tu.

Mwalimu mkuu alikuwa na haraka lakini si mkali. Alimsalimia Eve kwa mkono, akamwambia wamo wachache humu, awahesabu halafu aende zake akacheze.

Eve alimtazama mwalimu mkuu. Akamtazama Mwalimu Aoko, aliyekuwa akimtikisia kichwa kumtia moyo. Akamtazama mamake, na juu ya bega la mamake akakiona kichwa cha Owen, kimelegea upande, midomo ina rangi ya majivu. Juzi alimhesabu mara moja tu akawa hivi. Shule aliitaka. Usidhani hakuitaka, alikuwa ameshaijaribu ile sweta mara nyingi, akaikunja mikono, akatembea nayo ndani ya nyumba. Lakini alikuwa na kaka mmoja tu.

"Sijui kuhesabu," akasema.

Njoki alidhani hakusikia vizuri. Mwalimu Aoko akaenda upesi kwenye kabati, akaleta mkebe wa vifuniko, akavimwaga mezani. Akamwambia aache watu, ahesabu hivi tu, hata kumi, hata vitano. Alikuwa akivunja amri yake mwenyewe mbele ya mkubwa wake, na mwalimu mkuu akamwachia.

Eve hakujua mwiko unaishia wapi. Kama watu hawahesabiwi na Owen yumo hatarini, huenda hata vifuniko vinasikia. Aliiweka mikono nyuma.

"Sijui."

"Vidole vyako je?"

"Sijui, mwalimu."

Njoki alimfinya nyuma ya mkono, pale ambapo walimu wasingeona, lakini waliona. Machozi yalimtoka Eve, na bado hakusema namba hata moja. Mwalimu mkuu akasema mama asimtese mtoto, si kila mtoto amejaliwa, kuna shule maalum za watoto kama hawa huko mjini. Alisema kwa huruma ya kweli. Njoki aliipokea ile huruma akiwa amesimama, na akasema asante.

Daftari likafungwa.

Nesi wa kliniki alimtukana Njoki mbele ya foleni nzima kwa kumchelewesha mtoto mwenye nimonia, akamdunga Owen sindano ya kwanza hapo hapo. Sindano asubuhi na jioni, siku tano. Jumatatu Owen alinyonya. Jumanne alicheka. Jumatano alishika sikio la Eve akalivuta kwa nguvu, na Eve akakaa akivutwa, hakumwondoa mkono. Watu wazima waliishukuru penisilini. Eve alijua lililomponya.

Wiki ile ile Mbithe alikuja sokoni kumtafutia Muoki sweta. Za saizi yake zilikuwa zimeisha. Njoki akasema ipo moja nyumbani, kubwa kidogo, itamfikisha darasa la tatu. Jioni Mbithe alikuja kuichukua, akainama, akaifunga haraka kwenye mfuko ili wasitazamane. Wote wawili walijua ni ya nani.

Mwalimu Kathini alikuja na mawe yake ndani ya soksi. Alikaa na Eve kizingitini, akampangia matatu, akamwomba ayalinganishe na matatu mengine, kama zamani. Eve alisema hajui. Kathini akampangia mawili. Hajui. Alijaribu hadi chai ikapoa, kisha akamwambia Njoki kwamba Januari mtoto arudi tu naseri, akae na wale wa miaka mitatu, pengine ni hofu na itaisha. Njoki aliuliza mtoto atakaaje darasani akiwa mkubwa kuliko wote. Kathini aliondoka akiwa ameyasahau mawe yake, na Eve akamkimbilia nayo barabarani, yote, hakuna lililobaki.

Ndani ya nyumba jambo likaamuliwa bila ugomvi, na hilo ndilo lilikuwa baya. Njoki alimwambia mumewe kwamba hawezi tena kulala chumba kimoja na mtu aliyemfunga mwanawe akili. Hakupaza sauti. Muturi akakopa nauli ya Kangema.

Jumamosi Waruguru alikuwa ameketi kitandani nyuma ya pazia akifunga kiondo chake. Njoki alikuwa mferejini akichota maji, Muturi ameenda kuulizia basi. Eve akaingia na Owen kiunoni, akavuta pazia, akasogea karibu kama walivyozoea.

"Shosho, kule shuleni mimi sikuhesabu mtu," akanong'ona. "Nilimdanganya mwalimu kuwa sijui. Ndiyo Owen akapona."

Waruguru aliacha kufunga. Hadi dakika ile alikuwa ameamini, kama wengine, kwamba mtoto alizidiwa na woga. Sasa akaona kwamba hapakuwa na woga wowote. Mtoto huyu alikuwa amesimama peke yake mbele ya wakubwa, akapima shule na kaka yake, akatoa shule. Na hakujuta. Angeendelea kutoa kila alichoambiwa ahesabu, mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka Owen angekuwa mzima, na ushahidi ungezidi.

Aliyefunga ndiye wa kufungua. Hilo mama mzee alilijua. Akajifuta midomo kwa leso, akamshika Eve bega.

"Nitazame, wajina. Mimi ni mzee, nami nitawahesabu, na hakuna litakaloharibika. Utaona." Katika umri wake wote hakuwahi kulifanya. Akamgusa Eve kifuani. "Wewe, mmoja."

Kidole chake kikaanza kwenda kwa Owen, na hakikufika. Mkono wa Eve ulikuwa umeshauziba mdomo wa Waruguru, kwa nguvu, vidole vimemkandamiza mashavu.

"Usimmalize, Shosho," mtoto akasema. "Tafadhali."

Ulikuwa mkono wa mtoto wa miaka sita. Mama mzee angeweza kuuondoa kwa kidole kimoja na kulimalizia lile neno, na pengine mengi yangekuwa mengine. Nje Njoki akaita kwamba saa zimefika. Waruguru alikaa vile vile, mdomo chini ya kile kiganja kidogo, na moyoni mwake, Mungu amsamehe, alishukuru kunyamazishwa.